Mtoto wa mbwa, kizimba na saa za usiku

Mtoto wa mbwa akikojoa ukumbini kwa jirani asiye Muislamu, kazi ni kitambaa na sabuni. Akikojoa ukumbini kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi'i, kazi ni maosho saba, na moja katika hayo liwe na mchanga. Ikiwa mkeka wa kuswalia ulikuwa umetandikwa hapo, nao pia uingie kwenye hesabu. Ndiyo maana wengi wetu tukichukua mbwa wa kulinda nyumba humfunga mnyororo nje tangu siku ya kwanza, au humtia kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba na kumsahau humo. Baada ya miezi sita mwenye nyumba hushangaa amefuga mnyama anayebweka usiku kucha bila sababu na kuwarukia watoto wa chuoni wakipita na juzuu zao.

Nina diploma ya afya ya mifugo, na zamani niliyokuwa nikiulizwa ni mambo ya ng'ombe na mbuzi. Siku hizi, kuanzia Mtwapa hadi Kikambala, mashamba yamekatwa ploti, ploti zimezungushiwa kuta, na ndani ya kila ukuta wa pili mna mbwa. Swali ninaloulizwa sana ni moja: huyu mtoto wa mbwa analia usiku kucha na kuchafua kila mahali, nifanyeje? Jibu langu ni kizimba. Shida ni kwamba neno lenyewe limeharibiwa na mahakama. Tukisikia kizimba twamwona mshtakiwa amesimama mbele ya hakimu. Mimi nazungumzia mahali pa kulala.

Kabla ya mengine, la dini, maana najua litaulizwa. Hadithi ya kupungua thawabu kwa mwenye kufuga mbwa sote tumeisikia, na hadithi hiyo hiyo imemtoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, alieleza kuwa mbwa wa kulinda nyumba anaruhusiwa kwa kufananishwa na hao. Mimi si mufti, na mwenye shaka amuulize shekhe wake. Kumgusa mbwa hakutengui udhu. Kinachotuhangaisha ni umajimaji wake: mate, mkojo, pua. Kwa hiyo mwenye kumlea aweke ndara zake za kazi hiyo, kikoi chake na glavu, vyote vikae nje. Na mbwa akifundishwa mapema mahali pa kujisaidia, taabu ya maosho saba hupungua hadi karibu kwisha.

Sasa, kizimba kinafanyaje kazi? Mbwa anapozaliwa hawezi hata kukojoa mwenyewe. Mama humlamba sehemu za chini ndipo mkojo utoke, na mama huyo huyo huusafisha uchafu wote kwa ulimi wake, ili pale wanapolala pasinuke. Akifika kama wiki tatu, miguu ikianza kumbeba, mtoto mwenyewe huanza kujikokota nje ya malalo kwenda kujisaidia. Hajafundishwa na mtu. Mbwa hapendi kulala juu ya mkojo wake, na kizimba kinategemea tabia hiyo na si kingine. Ndani ya nafasi ndogo aliyoizoea kuwa kitanda, atajizuia kadiri kibofu chake kinavyoweza, na kikimshinda atalia kukujulisha. Lakini aliyekulia kwenye banda chafu, akalazimika kulala juu ya mkojo wiki baada ya wiki, tabia hiyo humfa. Huyo hufundishika pia, ila kwa muda mrefu zaidi. Ukienda kuchukua mtoto wa mbwa, tazama kwanza walikozaliwa panafananaje, wala usikubali kupewa wa chini ya wiki nane.

Ukubwa wa kizimba ndio unaokosewa sana. Watu hudhani kikubwa ndicho cha huruma. Kiwe cha kumtosha kusimama bila kuinamisha kichwa, kujigeuza na kulala amenyoosha miguu, basi. Kikizidi hapo, atalala upande mmoja na kuufanya upande wa pili choo, na hapo hujafundisha kitu. Kwa mbwa wetu wa kawaida wa pwani, fundi seremala akitengeneza cha futi tatu kwa mbili kitamfaa hadi atakapokuwa mkubwa. Akiwa mdogo, weka ubao katikati wa kupunguza nafasi, na uusogeze kadiri anavyokua. Mbao za paleti zinatosha, zikipigwa randa zisimchome, na baina ya ubao na ubao paachwe nafasi ya upepo. Mabati hapana. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema, na usiku wa kaskazi, joto na unyevu vikikutana, sanduku la mabati ni tanuri.

Kiweke wapi? Wazungu wengi hukiweka chumbani kando ya kitanda, na kwa upande wa mafunzo hawajakosea, kwa sababu usiku wa kwanza mtoto aliyezoea kulala katikati ya ndugu sita anahitaji kusikia pumzi ya mtu. Kwetu chumbani hapaingiliki. Baraza la nyuma au ukumbi wa jikoni unafaa, mradi wiki mbili za kwanza awepo mtu wa kulala karibu: askari wa usiku, kijana wa nyumbani, au wewe mwenyewe na jamvi lako. Hili si la kumbembeleza mbwa. Siafu wakivamia usiku wa masika, aliyefungiwa hana pa kukimbilia, na lazima awepo mwenye kusikia. Kwa sababu hiyo hiyo kiinue kizimba juu ya mawe manne, na usimwache ndani na kamba shingoni.

Mchana wa siku ya kwanza usimfungie. Acha mlango wazi, tia kipande cha samaki kilichotolewa miiba, mpe chakula chake humo. Aingie na kutoka apendavyo. Ukimsukuma kwa nguvu mara moja tu, utalipa kwa kelele za siku kumi.

Tukija kwenye usiku wenyewe, kuna hesabu moja ya kukumbuka. Chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja: hizo ndizo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili, saa tatu. Wa miezi mitatu, saa nne. Akiwa usingizini huweza kuvuka kidogo, lakini usimtegee. Mtu anayemfungia mtoto wa wiki nane saa nne usiku na kumfungulia saa moja asubuhi amemdai tisa kwa mwenye tatu. Hapo ndipo kizimba kinapogeuka jela, maana mtoto atajikojolea kitandani, na ile tabia ya usafi tuliyoitegemea tumeiua kwa mikono yetu.

Kwa mtoto wa miezi miwili mimi hupanga hivi. Chakula cha mwisho baada ya magharibi. Maji yaondolewe mbele yake saa 3 usiku, si kabla, na yarudi alfajiri. Joto letu halina mzaha, na mchana maji yasikosekane hata kidogo. Saa 4:30 apelekwe kujisaidia, kisha aingie kulala. Alamu ya simu ilie saa 7:30, atolewe. Ilie tena saa 10:30, atolewe. Hiyo ya mwisho inakukuta karibu na adhana ya alfajiri, kwa hivyo anayeamka kwa tahajudi hajapoteza usingizi wowote. Mbwa kwanza, udhu baadaye.

Kwa nini alamu, na si kumngoja alie? Kwa sababu ukimtoa kabla hajalia, hajifunzi kuwa kilio ndicho ufunguo wa mlango. Usiku tatu nne zikipita pakavu, isogeze alamu kwa robo saa, kisha nusu. Wengi wakifika miezi minne huweza kuvuka saa sita au saba, na alamu moja ikaondoka. Udhibiti kamili wa kibofu hukamilika karibu na miezi sita. Anayekuambia wake alijua kila kitu kwa wiki moja, ama alibahatika ama hasafishi yeye.

Ukimtoa usiku, fanya mambo kwa ubaridi. Taa kali usiwashe, usimchezeshe, usizungumze naye. Mbebe au mwongoze kwa kamba hadi pembe ile ile ya uga kila siku, penye udongo au mchanga, mbali na mahali pa kuswalia na pa watoto kuchezea. Harufu ya jana humkumbusha. Sema neno moja, lolote, lakini liwe hilo hilo. Subiri dakika tano. Akijisaidia, msifu kwa sauti ndogo pale pale, si mkisharudi ndani. Asipofanya, mrudishe bila maneno.

Kilio nacho kina lugha yake. Akilia mara tu baada ya kufungiwa, na umetoka kumpeleka nje, huyo ataka watu. Kaa karibu, nyamaza, na usifungue wakati sauti iko juu; ngoja kituo. Aliyekuwa amelala fofofo kisha akaamka akilia na kuzungukazunguka, huyo ana haja, mtoe haraka. Akiharisha au kutapika, mambo ya kizimba yasimame, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mwenye minyoo au mwenye kukojoa matone kila dakika ni mgonjwa, si mkaidi. Dawa ya minyoo kwa mbwa mchanga hutolewa kila baada ya wiki mbili hadi wiki kumi na mbili, na choo chake kizolewe kila siku kwa sababu minyoo yake huweza kuwapata watoto wetu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kenya imejiwekea mpango wa kumaliza vifo vya ugonjwa huo kwa binadamu kufikia 2030.

Akikosea akakojoa sakafuni, usimburure kumsugulia pua kwenye mkojo. Desturi hii imeenea mno na haina faida hata moja. Mbwa huunganisha adhabu na jambo analolifanya wakati ule ule. Ukimwadhibu baada ya dakika kumi, anachojifunza ni kwamba mtu na mkojo vikiwa mahali pamoja kuna hatari, hivyo ataanza kujificha nyuma ya kabati. Ukimkuta katikati ya tendo, piga kofi moja mikononi mwako, mchukue, mpeleke nje amalizie. Sakafu iondolewe mkojo kwanza, ioshwe kwa sabuni, ikipanguswa kwa siki na maji harufu hukatika zaidi, ndipo uje kwenye maosho yako ya tohara. Jiki usiimwage juu ya mkojo mbichi. Vikichanganyika hutoa hewa inayochoma kifua.

Nije kwenye linaloniudhi. Kuna imani mitaani kwamba mbwa akifungiwa mchana kutwa tangu utotoni, asione mtu, usiku atatoka mkali. Vijana wanaoajiriwa kutunza nyumba za Diani na Watamu wameniambia mara nyingi kuwa waliagizwa hivyo hivyo. Kati ya wiki ya tatu na takriban ya kumi na nne ndipo mbwa hujifunza nani ni mwenyeji na kipi ni cha kawaida: watoto, bodaboda, buibui, kanzu, muuza maji na mkokoteni wake. Akizipitisha wiki hizo gizani, haumbiki kuwa shujaa, huwa mwoga. Mwoga humuuma mtoto wa jirani, na mwizi akija na kipande cha nyama na rungu, hujikunyata pembeni. Kizimba ninachokieleza ni cha usiku, na mchana ni cha usingizi mfupi, si zaidi ya zile saa za hesabu yake, kisha nje. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, akamnyima chakula wala asimwachie ajitafutie. Sioni kwa nini mbwa wa mlinzi awe na hukumu nyingine.

Akishavuka usiku mzima pakavu kwa wiki mbili au tatu, anza kukihamisha kizimba kuelekea langoni, hatua chache kila baada ya siku mbili. Ukikirusha ghafla kutoka baraza hadi geti, utarudi kwenye vilio vya usiku wa kwanza. Kiwekee paa la makuti, mlango utazame lango, mgongo upe upande unakotoka upepo wa mvua. Karibu na miezi sita mwache usiku mlango ukiwa wazi. Wengi huzunguka uga kisha hurudi humo wenyewe kulala. Hapo ung'oe mlango kabisa, usije ukafungwa na upepo wa kusi naye yumo ndani.