Kukagua toleo la seva ya hifadhidata

Kukagua toleo la seva ya hifadhidata ni kutambua namba ya toleo la programu inayotunza data na kuzigawa kwa watumiaji. Namba hiyo huonyesha kama programu bado inapata masahihisho ya usalama, na kama inapatana na mifumo inayoitegemea.

Mfano wa Tanzania

Takwimu za afya za Tanzania Bara hukusanywa kwa utaratibu wa MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya). Vituo vilivyo katika kata kama Sepuka, wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, hujaza vitabu vya rejista, na majumlisho ya kila mwezi huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. DHIS2 hutunza data katika PostgreSQL. Kila toleo la DHIS2 huhitaji PostgreSQL isiyo chini ya toleo fulani, hivyo ukaguzi hutangulia usasishaji.

Namna ya kukagua

Njia ya uhakika ni kuiuliza seva yenyewe. Baada ya kuingia kwa programu ya psql, huandikwa:

SELECT version();

au

SHOW server_version;

Amri ya kwanza hutumika pia katika MySQL na MariaDB. Kinyume chake, amri psql --version hutaja toleo la psql tu, si la seva, ambayo huenda iko kwenye kompyuta nyingine. Seva ikiwa imezimwa, toleo kuu husomwa katika faili la PG_VERSION ndani ya saraka ya data.

Kusoma namba

Tangu PostgreSQL 10 (2017), namba ya kwanza ndiyo toleo kuu: 16.4 ni toleo kuu la 16, sahihisho la 4. Zamani zilihesabiwa namba mbili, kwa mfano 9.6. Kila toleo kuu husahihishwa kwa miaka 5 hivi. Toleo la 9.6, lililotoka mwaka 2016, lilikoma Novemba 2021.

Umuhimu

Programu ya kunakili data, pg_dump, hukataa kunakili seva yenye toleo kuu jipya kuliko lake. Asiyekagua anaweza kudhani nakala za akiba hutengenezwa kila usiku, kumbe kazi hiyo hushindwa kila mara, na kasoro hugunduliwa siku data zinapopotea.