Kueleza Tendo Lililotokea Punde: Tatizo la "Just" na Jamaa Zake katika Tafsiri

Miongoni mwa maneno madogo ya Kiingereza yanayowasumbua wafasiri wetu, neno "just" lina nafasi ya pekee. Halina uzito wa istilahi ya sayansi wala ya sheria, na kwa sababu hiyo halitafutiwi kisawe kwa makini. Mfasiri hulipita haraka, huliwekea "tu" au "hivi karibuni", kisha akaendelea na sentensi inayofuata. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba wepesi huo huleta madhara, na kwamba Kiswahili kina njia zake timilifu za kueleza tendo ambalo halijapoa.

Tuanze na mfano wa kawaida. Msafiri amesimama Endasak, wilayani Hanang, kando ya barabara itokayo Babati kwenda Katesh na Singida. Anauliza habari za basi. Akijibiwa, "Limeondoka sasa hivi," atajua kwamba amechelewa kidogo, na huenda akatafuta pikipiki ya kulikimbilia. Akijibiwa, "Ndiyo kwanza linaondoka," atainua mzigo wake na kupiga mbio, kwa kuwa basi bado linaonekana. Akijibiwa, "Limeondoka hivi karibuni," hatajua la kufanya, maana maneno hayo yaweza kuwa na maana ya dakika, siku, au hata miezi. Kwa Kiingereza, majibu yote matatu yangeweza kubeba neno lile lile, "just". Hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Chanzo cha ugumu

Neno "just" liliingia katika Kiingereza kutoka Kilatini kwa kupitia Kifaransa, likiwa na maana ya haki na usawa. Baadaye lilipata maana ya "barabara, hasa hasa", na kutoka hapo matumizi yake yakatawanyika. Likitumika kwa idadi, kisawe chake ni "tu": watu wawili tu. Likitumika kwa mahali, ni "papa hapa". Likitumika kwa kulinganisha, ni "vilevile kama". Likitumika kwa wakati, hueleza kwamba tendo limekwisha sasa hivi. Mfasiri aliyezoea maana ya kwanza huichukua na kuipachika katika maana ya mwisho. Ndipo tunaposoma sentensi kama "Daktari amefika tu," ambayo Mswahili ataielewa kuwa daktari amefika bila kufanya jambo jingine, au amefika ijapokuwa palikuwa na vizuizi. Maana ya "punde" imepotea.

Aidha, "just" halisimami peke yake. Lina jamaa zake: "just now", "only just", "hardly", "scarcely", "no sooner", na "recently". Yafaa kuyagawa kwa maana, wala si kwa umbo.

Makundi manne

Kundi la kwanza ni la tendo lililokamilika muda mfupi uliopita. Kiswahili kina njia mbili kuu hapa. Njia moja ni kuunga kiambishi cha "-me-" na kielezi: "amefika sasa hivi", "wameondoka punde hivi". Njia ya pili ni kutumia kitenzi "toka" kikifuatwa na kitenzi-jina: "ametoka kula", "mvua imetoka kunyesha". Njia hii ya pili ni nzuri, lakini ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kwamba "ametoka kulima" yaweza kuwa na maana ya kurudi kutoka shambani. Panapo shaka, kielezi kiongezwe: "ametoka kulima sasa hivi". Mtego wa pili ni ukanushi. "Hajatoka kula" haikanushi upunde wa tendo. Humaanisha kwamba mtu yungali mahali pa kulia. Ikitakiwa kukanusha, ni afadhali kusema, "Si sasa hivi alipokula, amekula zamani."

Kundi la pili ni la tendo lililotokea kwa kuchelewa kuliko ilivyotazamiwa, au ambalo ndilo linaanza tu. Hapa Kiingereza hupenda kusema "only just". Kisawe chake ni "ndiyo kwanza": "ndiyo kwanza mahindi yanachanua", "ndiyo kwanza afike". Tofauti yake na "ametoka" ni kubwa. Asemaye "ametoka kufika" anatoa habari ya wakati. Asemaye "ndiyo kwanza afike" anaongeza hoja: msimtwike kazi, hajapumzika bado.

Kundi la tatu ni la matendo mawili yanayofuatana bila nafasi. Kiingereza hutumia "hardly" na "no sooner", na hubadili mpangilio wa sentensi. Mfasiri asiufuate mpangilio huo. Kiswahili husema, "Tulipokaa tu, mvua ikaanza," au kwa mkazo zaidi, "Hatujakaa sawasawa, mara mvua hiyo!" Hapa "tu" ina haki yake, kwa sababu imeambatana na "-po-" ya wakati.

Kundi la nne si la wakati hata kidogo, ijapokuwa huvaa nguo zile zile. Mwanafunzi ambaye Kiingereza kinasema "only just passed" hakufaulu punde. Amefaulu kwa taabu, nusura ashindwe. Aliyenusurika kwa namna hiyo ameponea chupuchupu. Mwalimu asahihishaye tafsiri za wanafunzi alitazame kundi hili kwa jicho kali.

Kuhusu "recently", hilo ndilo linalostahili "hivi karibuni" au "siku hizi za karibuni". Neno hili lina upana, na upana wake ndio faida yake. Kulitumia mahali pa "sasa hivi" ni kuondoa makali ya habari.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya ufundi wa lugha tu. Sivyo. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katika siku za maafa kama hayo, taarifa nyingi huandikwa kwa Kiingereza na mashirika ya misaada, kisha hufasiriwa kwa haraka. Tutunge mfano wetu wenyewe: taarifa ya Kiingereza inasema kwamba barabara "has only just been reopened". Mfasiri akiandika, "Barabara imefunguliwa hivi karibuni," dereva aliyeko Endasak atadhani kwamba siku kadhaa zimepita na ardhi imekauka. Akiandika, "Barabara imefunguliwa tu," hakuna atakayejua kilichokusudiwa. Akiandika, "Barabara ndiyo kwanza imefunguliwa," dereva atafahamu mambo mawili kwa pamoja: kwamba njia inapitika, na kwamba aende kwa tahadhari. Neno moja limebeba onyo zima.

Katika zahanati hali ni hiyo hiyo. Maelekezo ya dawa hutofautisha mgonjwa aliyetoka kula na aliyekula asubuhi. Mama aliyejifungua sasa hivi hahudumiwi sawa na aliyejifungua hivi karibuni. Mahakamani nako, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama Tanzania, tofauti kati ya "alikuwa ametoka kuingia" na "alikuwa ameingia" yaweza kuamua kama shahidi aliliona tukio au hakuliona.

Tena tukumbuke ni nani tunaowaandikia. Katika Hanang na Mbulu, zilizomo katika Mkoa wa Manyara, hukutana lugha za jamii tofauti kabisa. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatooga ni cha Kiniloti, na Kinyaturu ni cha Kibantu. Kwa wakazi wengi, Kiswahili ndicho daraja la kukutania, nao wengi wamejifunza lugha hiyo baada ya lugha ya nyumbani. Msomaji wa namna hii hawezi kukisia kilichokuwa katika Kiingereza. Anakitegemea Kiswahili kilicho mbele yake, na ni haki yake kukipata kikiwa kamili.

Mapendekezo

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mfasiri aulize kabla ya kuandika: je, tendo limekwisha sasa hivi, ndiyo kwanza linaanza, limefuatana na jingine, au limefanikiwa kwa shida? Jibu likipatikana, kisawe kitajileta chenyewe. Pili, vielezi "sasa hivi" na "punde" visiachwe bila kitenzi kilichoonyesha wakati wake, kwa maana hutumika kwa yaliyopita na yajayo pia: "ameondoka sasa hivi" na "anakuja sasa hivi" zote ni sahihi. Tatu, katika maandishi ya tiba, ya maafa na ya mahakama, mfasiri asiridhike na kielezi ikiwa saa yenyewe yaweza kupatikana. Amwombe mwandishi wa matini ya asili aitaje, na aiandike kwa hesabu ya Kiswahili, pamoja na kueleza kama ni asubuhi, mchana au usiku.

Lugha yetu haikupungukiwa katika jambo hili. Msafiri wa Endasak huyatumia maneno haya yote kila siku bila kukosea, naye hupanda basi au hulikosa kwa kuyategemea. Kilichobaki ni sisi tunaoandika ofisini na shuleni kuwa waangalifu kama yeye.