Alfajiri ya mnyonya damu, alfajiri ya mbwamwitu

Ubishi wa mashabiki wa filamu za kutisha haujawahi kupata mshindi. Mmoja anamtaja Dracula, mwenzake anamtaja yule kijana wa Kimarekani anayegeuka mbwamwitu sebuleni mjini London, na kuanzia hapo kila mtu anavutia kamba kwake. Nimeusikia ubishi huo kwenye vibanda umiza tangu enzi za kanda za VHS, na mara nyingi ulikuwa wa ndondi: wakikutana usiku, nani atampiga mwenzake? Mwaka 2003 filamu ya Underworld iliwapambanisha kweli, jeshi kwa jeshi, na watazamaji wakatoka wakibishana vilevile. Nadhani kilichokosekana ni mizani. Kabla ya kupima, inafaa tujue tunapima nini.

Tuanze na majina. Mnyonya damu wa filamu ni maiti. Amekufa na kuzikwa, lakini usiku hutoka kaburini kunywa damu ya walio hai, na damu hiyo ndiyo inayomzuia asioze. Msomaji wa pwani atauliza kwa nini tusimwite mumiani. Ni kwa sababu mumiani wa masimulizi yetu ni mtu hai, mwenye kazi yake na mkubwa wake. Anakinga damu ya watu ikafanywe dawa, tena kwa vyombo, si kwa meno. Enzi za ukoloni, Nairobi na Dar es Salaam, tuhuma hizo ziliwaangukia hata wazimamoto. Hiyo ilikuwa hofu ya wenye mamlaka na magari yao. Dracula hatumwi na mtu; njaa ni yake mwenyewe.

Mtu-mbwamwitu, kwa upande wake, ni mtu hai ambaye baada ya kung'atwa au kulaaniwa hugeuka mnyama usiku fulani, kisha hurudi kuwa mtu. Neno mbwamwitu nalo linahitaji tahadhari. Wa kwetu ni yule mwenye mabaka na masikio ya duara, anayewinda kwa kundi mbugani. Wa Ulaya ni mnyama mwingine, mkubwa zaidi, ndugu wa karibu wa mbwa wa nyumbani, na wafasiri wa Biblia walimpa jina hilohilo walipohitaji mnyama wa kumweka kati ya kondoo. Visa vya watu kugeuka wanyama tunavyo tele, ila kwetu mnyama ni simba, chui au fisi.

Hatua ya pili ni kanuni. Shabiki akitaka kuiponda filamu husema imevunja kanuni, kana kwamba kanuni hizo zilirithiwa kwa mababu. Nyingi zilitungwa na watu wa sinema, na miaka yake inajulikana. Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, Dracula hutembea mchana katika mitaa ya London. Jua humpunguzia nguvu tu. Aliyelifanya jua kuwa kifo ni F. W. Murnau, mwongozaji wa Kijerumani, katika filamu bubu ya Nosferatu ya mwaka 1922. Murnau na wenzake hawakuwa na ruhusa ya kuitumia riwaya hiyo. Wakabadilisha majina, Dracula akawa Orlok, na kwa kuwa walikuwa wanabadilisha, wakabadilisha na mauti yake. Mjane wa Stoker aliwashtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Nakala zilizosalimika ndizo zilizoufundisha ulimwengu kwamba mnyonya damu huungua kwa jua.

Kanuni za mbwamwitu ni changa zaidi. Werewolf of London ya mwaka 1935 ilimfunga kwenye mwezi mpevu. The Wolf Man ya mwaka 1941 ilikaza sharti la fedha: mnyama huyu hauawi kwa kitu kingine. Hadithi yake iliandikwa na Curt Siodmak, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani baada ya Wanazi kushika dola. Humo anayegeuka mbwamwitu huona nyota kwenye kiganja cha mtu ambaye yeye atamuua. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wamelazimishwa kuvaa nyota ya njano kifuani. Baada ya kulijua hilo sijaweza tena kukitazama kiganja kile kama mchezo.

Ukiziweka kanuni hizi pamoja utaona kwamba zote zinaishia alfajiri. Usiku wa viumbe hawa wawili unafanana: kuna giza, kuna mawindo, kuna mtu anayepiga kelele. Tofauti yao inaonekana kunapokucha. Kwa mnyonya damu mapambazuko ni hukumu, maana asipowahi jeneza amekwisha. Mtu-mbwamwitu mapambazuko humrudishia mwili wake, na pamoja na mwili humletea swali: jana usiku nilikuwa wapi?

Tofauti hiyo inagusa hadi mfuko wa mtengenezaji. Mnyonya damu anabaki na sura ya mtu na anaongea, hivyo filamu yake husimama juu ya uso wa mwigizaji. Bela Lugosi, katika Dracula ya mwaka 1931, hakuonyeshwa chonge hata mara moja. Alipigwa mwanga mwembamba machoni, ikatosha. Christopher Lee, katika Dracula ya mwaka 1958, alipewa chonge, macho mekundu na rangi za filamu, lakini kilichowakalisha watu ni urefu wake na namna anavyoshuka ngazi. Joho, jeneza na mtu mwenye haiba: kwa gharama hiyo unaweza kupata filamu nzuri, na ndiyo maana filamu za wanyonya damu ni nyingi mno.

Mtu-mbwamwitu anapogeuka, mwigizaji anatoweka. Hana maneno tena, na uso umefunikwa manyoya. Kazi inamhamia fundi wa mekapu. Mwaka 1941 Jack Pierce alimbandika Lon Chaney Jr., mwigizaji wa The Wolf Man, manyoya ya yaki, na kugeuka kwake mara ya kwanza kulionyeshwa miguuni tu. Miaka 40 baadaye Rick Baker alifanya kinyume katika An American Werewolf in London, filamu iliyoongozwa na John Landis. Taa za sebule zinawaka. David, kijana aliyeng'atwa akitembea nyikani, yuko uchi sakafuni, na Sam Cooke anaimba wimbo wa mapenzi taratibu. David anainua mkono mbele ya macho yake, na kiganja kinaanza kurefuka, mifupa ikisukuma ngozi kutoka ndani, huku mwenye mkono akikitazama kama mtu anayeona nyumba yake ikibomolewa. Kompyuta haikuhusika; yote ni mpira na mitambo. Tuzo ya Oscar ya mekapu ilipoanza kutolewa kila mwaka, Baker ndiye wa kwanza kuipokea.

Wengi huishia hapo. Wanapima Dracula kwa haiba na mbwamwitu kwa dakika za kugeuka, kisha wanashindana kwa vipimo viwili visivyooana, kama kulinganisha kilo na lita. Alfajiri ni kipimo kinachowafaa wote wawili, basi tuitumie.

Nosferatu inafaulu vizuri. Ellen, mwanamke anayewindwa na Orlok, anajua kwamba Orlok atashindwa tu iwapo mwanamke mwema atamzuia hadi jogoo awike. Anafungua dirisha, anamwacha anywe. Jua linaingia chumbani, Orlok anashika kifua, anageuka moshi, na Ellen naye anakufa. Kumekucha kwa gharama. Dracula ya mwaka 1931, pamoja na Lugosi wake, inaanguka hapahapa: kigingi kinapigwa pembeni mwa kamera, tunasikia mgumio, basi. Siku hizo, usiku na katika mandhari zilezile, kikosi kingine kilikuwa kinapiga filamu hiyo kwa Kihispania, na wapo wanaoapa kwamba ndiyo bora. Kwa jinsi kamera inavyotembea nawaunga mkono. Mwaka 1958 deni lililipwa: Peter Cushing anakimbia juu ya meza, anaruka na kung'oa pazia, anapishanisha vinara viwili kuwa msalaba, na Lee anakuwa vumbi kuanzia mguuni hadi ibaki pete.

Hizo ni alfajiri za kulazimishwa. Zipo za kuchagua, na hizo ndizo zinazonishughulisha zaidi. Blacula ya mwaka 1972 inamhusu Mamuwalde, mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyekwenda kwa Dracula kumwomba asaidie kukomesha biashara ya watumwa. Dracula akamtukana, akamng'ata, akamfungia ndani ya jeneza hadi jeneza hilo lilipofunguliwa Los Angeles karibu karne mbili baadaye. Filamu yenyewe ina sehemu za ovyo, nakiri. Lakini mwishoni, mpenzi wake akiwa amekufa, William Marshall, anayemwigiza Mamuwalde, anapanda ngazi kulielekea jua bila kusukumwa na mtu, na hadhi anayoibeba katika hatua zile wengi waliomtangulia hawakuwa nayo. Katika Let the Right One In, filamu ya Kiswidi ya mwaka 2008, mwanamke aliyeng'atwa anatambua anakokwenda, na akiwa amelazwa hospitalini anamwomba mhudumu afungue pazia. Kitanda kinalipuka moto.

Sinners ya Ryan Coogler, ya mwaka 2025, inaongeza jambo. Tuko Mississippi mwaka 1932, ndani ya ukumbi wa muziki wa watu weusi, na wanyonya damu wako mlangoni wakiomba wakaribishwe. Jua linachomoza, wanaungua. Filamu nyingi zingekoma hapo. Hii inaendelea, kwa sababu wabaguzi wa Ku Klux Klan huja asubuhi, na Smoke, mmoja wa wenye ukumbi, amebaki kuwasubiri. Mchana nao una wanaokuja kuua, na hao hawazuiliwi na jua wala kitunguu saumu.

Kuhusu Twilight ya mwaka 2008 nitasema neno moja. Humo jua halimchomi mnyonya damu, linamng'arisha tu. Vijana walioipenda hawana kosa, lakini kwa kipimo chetu hakuna cha kupima: kumekucha na hakuna kilichotokea.

Sasa mbwamwitu. Asubuhi ya kwanza kubwa ni ya Larry Talbot katika The Wolf Man. Anaamka kitandani kwake, na kutoka dirishani hadi kitandani kuna nyayo za matope, nyayo za mnyama. Hajakumbuka lolote, lakini tayari anahangaika kuzifuta. Mekapu ya Pierce imezeeka. Kitendo kile cha kufuta matope hakijazeeka. Mashabiki hupenda pia kukumbushana kwamba aliyemng'ata Talbot, Mjipsi aliyegeuka mbwamwitu, aliigizwa na Lugosi yuleyule wa Dracula.

Na David je? Anaamka uchi ndani ya banda la mbwamwitu katika bustani ya wanyama ya London. Wanyama wanamzunguka bila kumdhuru. Anajificha vichakani, anamwita mtoto mwenye maputo na kumnyang'anya ili ajisitiri, anachukua koti la mwanamke lililoachwa kwenye benchi, anarudi kwa basi. Ukumbi mzima hucheka, naye amechangamka. Anasema hajawahi kujisikia mzima hivyo. Baadaye, ndani ya teksi, dereva anataja watu 6 waliouawa usiku. Kicheko kinakufa. David anateremka na kumsihi polisi amkamate, na polisi anamwona mhuni tu. Landis ameitupa hata fedha: mwishoni risasi za kawaida zinatosha. Kugeuka kule kwa sebuleni ndiko kulikopewa Oscar, lakini filamu imebebwa na asubuhi hii.

Ipo moja inayokataa mapambazuko kabisa. Ginger Snaps ya Kanada, ya mwaka 2000, inamfanya Ginger ageuke polepole, wiki baada ya wiki, wala kunapokucha harudi. Dada yake Brigitte ndiye anayeamka kila siku na kuhesabu kilichopungua. Swali la asubuhi limehamia kwa ndugu, na linauma vilevile.

Uamuzi wangu basi ni huu. Kwa wingi wa filamu zinazostahili kutazamwa, wanyonya damu wanashinda, na sababu tumeiona: uso wa mwigizaji ni rahisi kupata kuliko Rick Baker. Katika filamu mojamoja naichagua An American Werewolf in London, kisha Nosferatu, na ya tatu The Wolf Man, mbele ya Dracula yoyote mwenye joho. Mnyonya damu anajua alichokifanya na hufa nacho. Yule mwingine huambiwa na dereva wa teksi. Asiyekubaliana nami airudie filamu ya Landis, aanzie kwenye maputo, asisubiri usiku.