Pesa Ziko Kwenye Simu, Chakula Je?

Mwezi wa pili ukifika Kyuso, wakala wetu huwa hana muda wa kunywa chai. Ndengu zimeshapurwa, lori za wanunuzi zimeegeshwa kando ya barabara ya Mwingi kwenda Tseikuru, na simu zinalia kila dakika: pesa zimeingia. Ukirudi mwezi wa nane, utampata wakala yuleyule ameketi nje ya duka akipunga upepo. Wanaokuja ni wa kutoa mia tatu, mia nne, iliyotumwa na kijana aliye Nairobi au Mombasa. Na hiyo haikai mfukoni, inaenda moja kwa moja kununua gorogoro ya mahindi.

Katikati ya miezi hiyo miwili kuna hadithi ambayo sisi tunaouza huduma za pesa tunapaswa kuisema waziwazi.

Wazee wa Ukambani huzipa njaa majina. Ile iliyokuja na ukame wa 1984 inakumbukwa kama Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika. Nimeshika nini? Pesa. Kuna watu waliokuwa na noti mkononi, lakini dukani hakukuwa na unga wa kununua. Kila tukilisikia jina hilo tunajiuliza: salio la simu ni chakula? Hapana. Linageuka chakula pale tu kuna mtu wa kukuuzia, tena kwa bei unayoiweza.

Kyuso hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba. Zile za Machi hadi Mei huja zikipenda. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika maeneo kame ya Kenya. Misimu mitano, si mchezo. Ndiyo maana mavuno mazuri yakipatikana hapa si ya msimu mmoja tu. Ni lazima yabebe na ule ujao, maana hakuna anayejua utakuja vipi.

Shida ni kwamba mavuno hukutana na mahitaji mengine. Shule zimefunguliwa Januari, karo inadaiwa, deni la dukani limekua. Kila mtu anauza wiki moja, dalali anajua hivyo, na bei inaanguka. Mama mmoja tuliyemkuta akipepeta ndengu alituambia, "Wanangu, mimi si mjinga. Najua bei itapanda. Lakini mwalimu mkuu hangoji bei ipande." Tulinyamaza. Ana haki.

Hebu tupige hesabu. Gorogoro ni takriban kilo mbili. Nyumba inayopika gorogoro moja kwa siku hula kilo 60 kwa mwezi, na kwa miezi sita ni kilo 360, yaani magunia manne ya kilo 90. Tuseme, kwa mfano tu, gorogoro ni shilingi 80 wakati wa mavuno, halafu inafika 150 wakati wa kiangazi. Tofauti ni shilingi 70 kwa siku, 2,100 kwa mwezi, 12,600 kwa miezi sita. Kwa wengi hiyo ni karo.

Kwa hivyo ukiuza, usiuze yote. Toa kwanza chakula cha nyumba na mbegu, halafu uza kinachobaki. Pesa ikiingia, lipa karo moja kwa moja kwa namba ya malipo ya shule kabla haijaanza kupungua kidogo kidogo. Inayobaki, ifunge kwenye akiba isiyotoka hadi mwezi wa kumi, wakati wa kulima na kupanda. Tunajua akiba inayofungwa huudhi. Imewekwa iudhi hivyo.

Na ninyi mlioko mjini, hapa tutasema kitu ambacho bosi wetu huenda asikipende. Sisi hupata faida mkituma mara nyingi. Lakini kama unaweza, tuma pesa nyingi mara moja, mwezi wa pili au wa tatu, mama anunue magunia kabla bei haijapanda. Kutuma mia tatu kila juma mwezi wa nane ni kununua chakula kilekile kwa bei ya juu, na kulipa ada ya kutoa kila mara.

Magunia yenyewe yanataka uangalizi. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Anika hadi punje zikauke kabisa, zisiguse udongo, kisha uweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mifuko hiyo pia huwanyima wadudu pumzi.

Kuhusu bima ya mazao: tangu Kilimo Salama ilipoanza mwaka 2009, mkulima Mkenya ameweza kukata bima ya mvua na kulipwa kwa simu. Ni jambo zuri, ila uliza kabla ya kulipia: mvua inapimwa wapi? Kipimo kikionyesha mvua ilinyesha huko na shamba lako likabaki kavu, huenda usilipwe.

Mwisho ni wale wezi. Msimu wa ndengu ndio msimu wao. Mnunuzi anakuonyesha ujumbe, "nimeshatuma," na vijana wake tayari wanapakia. Usisome ujumbe tu, maana ujumbe unaweza kutungwa na mtu yeyote. Angalia salio lako mwenyewe, taratibu, hata kama dereva anapiga honi. PIN usimpe mtu, hata wakala. Na ukipigiwa ukiambiwa pesa imetumwa kwako kimakosa uirudishe, usirudishe mwenyewe. Mwambie apige kwa huduma kwa wateja, nasi tutaangalia.

Yule mama wa ndengu aliuza magunia matatu siku hiyo. Aliangalia salio mara mbili mbele ya dereva, akamwambia sasa unaweza kupakia. Gunia la nne aliliburuta mwenyewe hadi ndani ya nyumba, akafunga mlango.