Usimcheke huyu mdukuzi wa YouTube

Lazima unamjua mmoja. Anaishi hosteli yenu ama keja ya jirani, anavaa hudi hata jua la saa saba likiwaka, na akipata watu wawili tu anawaambia anaweza kuingia WhatsApp ya mtu yeyote. Ukimwuliza hiyo programu yake inafanyaje kazi, anabadilisha mada. Aliitoa Telegram, akafuata video ya dakika 10 YouTube, basi.

Wataalamu wa usalama wa kompyuta humwita skripti kidi. Hatungi chochote. Anabeba programu iliyoandikwa na mwingine, anabonyeza, kisha anangoja kuona kitakachoharibika. Wadukuzi wenye ujuzi humdharau. Wewe usimdharau.

Februari 2000, kule Montreal, Kanada, mvulana wa miaka 15 aliyejiita MafiaBoy aliangusha Yahoo, mojawapo ya tovuti kubwa zaidi duniani wakati huo. Siku chache zilizofuata zikalemewa eBay, Amazon, CNN na Dell. Michael Calce, jina lake halisi, hakuvunja kufuli la tovuti hizo. Alitumia programu za wengine kuamrisha kompyuta nyingi zitume maombi kwa wakati mmoja. Hebu waza watu elfu tano wamejazana kwa kibanda cha mama mboga, wote wanauliza bei ya sukuma na hakuna anayenunua. Mteja wa kweli atapitia wapi? Mwaka wa 2001 mahakama ilimpa miezi 8 katika makao ya kurekebishia vijana tabia.

Sasa utasema: mimi si Yahoo, nina nini cha kushambuliwa? Una ruta. Pengine una kamera ya CCTV mlangoni.

Mwaka wa 2016 vijana watatu Wamarekani waliunda programu inayoitwa Mirai. Kazi yake ilikuwa kuzunguka intaneti ikitafuta ruta na kamera ambazo wenyewe hawajawahi kubadilisha nenosiri la kiwandani. Ilibeba orodha ya takriban majina na maneno ya siri 60 tu, yale ya "admin" na "12345", na hiyo ikatosha kuteka mamia ya maelfu ya vifaa. Kisha mwishoni mwa Septemba mmoja wao akaimwaga mtandaoni bure. Hapo ndipo noma ilipoanza, maana sasa yeyote angeweza kuichukua. Oktoba 21 mwaka huo, Mirai ilitumiwa kushambulia kampuni ya Dyn, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani na Ulaya. Walioiandika walikiri mashtaka mwaka wa 2017. Programu yenyewe bado inazurura.

Hapa kwetu, kumbuka Julai 2023. eCitizen ilipolemewa kwa mbinu hiyo hiyo ya kujaza mlango, waliokuwa wakitafuta huduma za serikali walibaki wakitazama ukurasa usiofunguka. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili kutoka Sudan, wakisema pia kwamba walikuwa wakiuza huduma ya kushambulia kwa wengine. Yaani huhitaji hata video ya YouTube, unahitaji chapaa tu.

Kama wewe ndiye yule wa hudi, sikia hii. Mapema 2025 watafiti waligundua programu moja ya "bure" ya udukuzi iliyokuwa imetegwa. Walioipakua ili wakapeleleze wengine, kompyuta zaidi ya 18,000, ndio waliokuwa wakipelelezwa. Binafsi nilicheka, nikakumbuka msee fulani ambaye laptopu yake huwa polepole kuliko matatu ya saa kumi na moja jioni. Na hata ikikubali, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inasema kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni faini ya hadi Sh5 milioni, kifungo cha hadi miaka 3, ama vyote viwili. Haiulizi kama ulikuwa unajaribu tu.

Na wewe usiye na haja ya kudukua mtu? Geuza ruta ya keja yako usome kibandiko kilicho chini. Kama nenosiri la kuingilia mipangilio yake bado ni lile la kiwandani, jamaa wa hudi hata hahitaji kuimaliza ile video.