Sura ya Saba: Kidole Kilichopita Kambini

Sangailu ni mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Ijara, kusini mwa kaunti ya Garissa, mahali nyika ya ng'ombe inapoanza kumezwa na msitu wa Boni unaoendelea hadi Lamu. Wengi wa wakazi wake ni wafugaji wa Kisomali, na msituni wako Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni. Barabara ni ya mchanga, mvua ikinyesha ni ya tope, na mnara wa simu ukiharibiwa na wanamgambo, kama ilivyotokea mara nyingi katika kaunti hizi za mpakani, eneo zima hunyamaza hadi mafundi wapate ulinzi wa kwenda kuutengeneza.

Hata hivyo mtu wa Sangailu anaishi ndani ya mitandao kama Mkenya mwingine yeyote. Fahali akiuzwa, pesa huja kwa simu. Karo hulipwa kwa simu. Mwana aliye Nairobi au ng'ambo humtumia mama yake fedha za matumizi kwa simu. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, laini ya simu imekuwa mfuko, benki na kitabu cha madeni kwa pamoja. Na laini ya simu, kwa kanuni za usajili wa laini, haitolewi kwa mtu mzima wa Kenya asiyeonyesha kitambulisho. Asiye nacho huazima jina la ndugu: laini ya kaka, akaunti ya shangazi. Siku ndugu huyo anapokosana naye, au anapofariki, mfuko wake unakwenda na mwenyewe.

Mijadala mikali ya Wakenya kuhusu teknolojia na sheria huendeshwa zaidi na watu ambao kitambulisho hawakukihangaikia hata siku moja. Walitimiza miaka 18, wakaenda na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, wakabonyeza vidole, wakasubiri. Kwao swali kubwa ni hili: serikali na makampuni wasikusanye taarifa zetu kupita kiasi. Ni swali halali, na sura zilizotangulia zimelishughulikia. Ila kuna swali la pili ambalo kusini na kaskazini mwa Garissa ndilo la kwanza: taarifa ikishaingia kimakosa, inatokaje?

Jibu la ukweli ni kwamba mifumo mingi imejengwa na mlango wa kuingilia tu.

Alama za vidole si jambo geni Kenya. Sheria ya mwaka 1915 ya kuwaandikisha wenyeji, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kubeba karatasi yenye jina lake, mwajiri wake na alama za vidole vyake, ndani ya kibweta cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Hicho ndicho kipande. Ufundi wenyewe ulikuwa umetoka India, ambako ofisi ya kwanza ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897. Hesabu za kuzipanga alama hizo zilifanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa mfumo ulipewa jina la bosi wao, Edward Henry. Mwanaharakati Harry Thuku aliongoza malalamiko dhidi ya kipande mwanzoni mwa miaka ya 1920. Neno lilibaki: hadi leo wazee wengi, na vijana pia, wakisema kipande wana maana ya kitambulisho cha taifa.

Kaskazini, karatasi ilikuwa na uzito wa ziada. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilitawaliwa na wakoloni kwa sheria zake yenyewe, na baada ya uhuru ikawekwa chini ya hali ya hatari iliyofutwa tu mwaka 1991. Mwishoni mwa 1989 serikali iliamuru kila Mkenya wa asili ya Kisomali aliyefikisha miaka 18 apigwe msasa upya, hata kama tayari alikuwa na kitambulisho, na waliopita wakapewa kadi ya pili ya rangi ya waridi. Hakuna jamii nyingine nchini iliyotakiwa kuthibitisha mara mbili kwamba iko kwao. Kadi za waridi ziliishia makabatini, lakini msasa ukaendelea: kijana wa mpakani aliyeomba kitambulisho alisimama mbele ya jopo la wazee, chifu na maafisa wa usalama, akaulizwa ukoo wake, kisima cha babu yake, jina la mwalimu wake wa kwanza. Kijana wa Kirinyaga hakuulizwa hivyo.

Kwa hiyo kompyuta zilipofika, zilikuta shaka ikiwa imekwisha kuketi kwenye kiti.

Kati ya 1991 na 1992, Somalia ilipoanguka, kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa kuzunguka mji mdogo wa Dadaab. Zilipangwa kwa watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011, mwaka ambao Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kusini mwa Somalia, waliokuwa humo walipita 460,000. Wafugaji wa Kenya waliozizunguka kambi hizo walipigwa na ukame uleule. Mifugo yao ilikufa kwa jua lilelile. Tofauti ilikuwa kwamba upande mmoja wa ua palikuwa na unga, mafuta, zahanati na shule, na upande wa pili palikuwa na ahadi.

Wakaingia. Wengine waliingia kwa ajili ya mgao, wengine kwa ajili ya mgonjwa, wengine wakitumaini kupelekwa Marekani, na mwandishi mwaminifu hapaswi kulificha hilo la mwisho. Mama alijiandikisha pamoja na watoto wake, kwa sababu kadi ya mgao huhesabu vichwa. Alama za vidole zikachukuliwa, picha zikapigwa. Mtoto wa miaka saba au minane aliweka vidole vyake kwenye kioo cha mashine kama alivyoambiwa, akapata uji, akasahau.

Mashine haikusahau. Miaka kumi baadaye mtoto yule, sasa kijana, anakwenda ofisi ya usajili akiwa na kila karatasi inayotakiwa. Wazazi wake ni Wakenya. Cheti chake cha kuzaliwa ni cha Kenya. Shule aliyosoma ni ya Kenya. Vidole vyake vinalinganishwa na rekodi za wakimbizi, vinafanana nazo, na ombi linasimama hapo. Hii ndiyo hali iliyopewa jina la usajili maradufu. Shirika la Haki na Sheria, lenye makao yake mjini Garissa, lilitoa ripoti juu yake mwaka 2021 na kukadiria kuwa walioathirika si chini ya 40,000.

Inafaa kueleza kosa liko wapi, kwa maana watu wengi wakisikia habari hii hulaumu kompyuta. Kompyuta haikukosea. Kidole kile ni cha mtu yule. Kosa limo katika maana iliyobebeshwa kidole. Rekodi ya kambini ilijibu swali moja: je, mtu huyu amekwisha kupokea mgao? Haikuundwa kujibu swali la uraia, na haina uwezo wa kulijibu, kwa sababu karani wa kambi hakuwa hakimu wa nasaba. Ilipohamishiwa meza nyingine na kuulizwa swali jingine, ilijibu vilevile kwa sauti ya uhakika, na maafisa wakaamini sauti. Katiba ya 2010, ibara ya 14, inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku ya kuzaliwa kwake mama au baba yake ni raia. Haisemi popote kwamba uraia huo hufutwa kwa kilo chache za unga.

Maisha bila kitambulisho Garissa si jambo la kufikirika. Basi la Nairobi husimamishwa kwenye daraja la mto Tana, abiria huteremka, na asiye na kitambulisho hujieleza, kama atapewa nafasi ya kujieleza. Hapigi kura. Hasajili laini. Hafungui akaunti. Haajiriwi na serikali. Chuo kikimwita, hana cha kuonyesha kwenye ofisi ya mikopo.

Kisha ikaja Huduma Namba. Sheria ya marekebisho ya mwaka 2018 iliunda mfumo mmoja wa kitaifa wa utambulisho, na usajili wa watu wengi ukafanywa mwaka 2019. Jukwaa la Haki za Wanubi, jamii nyingine inayoijua vizuri meza ya kupigwa msasa, lilikwenda mahakamani pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya serikali na ile ya wanaharakati. Tarehe 30 Januari 2020, majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir waliamua kwamba kukusanya vinasaba na vipimo vya GPS vya mahali mtu anapoishi ni kinyume cha Katiba, na kwamba mfumo wenyewe usiendelee bila kanuni za kutosha. Kati ya kesi kufunguliwa na uamuzi, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyotiwa saini Novemba 2019. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari zake kwa faragha, kama kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinavyotaka.

Ushindi huo ulishangiliwa sana mtandaoni, na ulistahili. Lakini Wanubi na Wasomali waliosimama nyuma ya hoja hizo hawakuwa wakilia faragha peke yake. Walikuwa na hofu iliyo rahisi kueleweka: ukijenga huduma zote juu ya namba moja, na namba hiyo ikajengwa juu ya kitambulisho, basi aliyenyimwa kitambulisho amenyimwa yote kwa mpigo mmoja. Hoja hiyo ya kutengwa ilipata nafasi ndogo katika kelele za ushindi, na hapo ndipo mjadala wa Kenya ulipoteleza.

Sheria ya Ulinzi wa Data ina dawa, kwa maandishi. Kifungu cha 40 kinampa mtu haki ya kudai taarifa yake isiyo sahihi irekebishwe au ifutwe. Kifungu cha 35 kinamlinda dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Taabu ni kwamba aliyeshika rekodi si yule anayeamua. Rekodi ni ya wakimbizi. Uamuzi ni wa ofisi ya usajili wa watu. Kila meza inaweza kuielekeza nyingine kwa adabu kabisa, na mwombaji akatumia nauli ya mwezi akizunguka katikati.

Wasiwasi juu ya rekodi za misaada kuhama si wa Garissa tu. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi taarifa za Warohingya zilizokusanywa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa nchini Bangladesh zilivyofika Myanmar, serikali ileile waliyoikimbia. Mazingira ni tofauti, mwendo ni mmoja: mwenye njaa anatoa kidole apate chakula, na kidole kinasafiri mahali ambapo hakuulizwa.

Linganisha na Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni ndefu Nairobi kupigwa picha za mboni za macho kwa malipo ya sarafu za kidijitali zilizokaribia thamani ya shilingi 7,000. Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha zoezi. Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili aliamuru taarifa hizo zifutwe ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Sehemu ya sababu ilikuwa kwamba ridhaa iliyonunuliwa kwa zawadi si ridhaa huru.

Siku saba! Kama shilingi 7,000 zinaweza kuitia dosari ridhaa ya mtu mzima wa Nairobi, uji wa mtoto katika ukame wa 2011 unafanya nini? Hakuna msomi wa sheria anayeweza kutetea kanuni hiyo mjini na kuikana Dadaab, na ni aibu kwamba mjadala mkubwa wa Worldcoin ulipita bila watu wengi kuuliza swali hilo.

Walioathirika hawakukaa kimya. Baadhi yao, wakisaidiwa na Haki na Sheria, walifungua kesi Mahakama Kuu ya Garissa mwaka 2021. Na Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kukomesha msasa wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mpakani. Kwa kijana wa Sangailu hilo ni jambo kubwa: jopo lile la maswali lilikuwa ukuta uliosimama tangu kabla ya wazazi wake kuoana. Ila jopo na rekodi ya vidole ni vitu viwili. Jopo linaweza kuondolewa kwa saini. Rekodi huondolewa na mtu aliyepewa kazi ya kuiondoa, fomu ya kuombea, muda wa mwisho wa kujibu, na ofisi moja inayowajibika ikikawia. Fomu hiyo iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kisomali, ipatikane bila malipo, na ifike hadi kwa chifu wa Sangailu, ikiwa karatasi, kwa sababu siku mnara umelala hakuna tovuti itakayofunguka.