Herufi Moja Baada ya Fomu Kutumwa

Majuma yanayofuata kutangazwa kwa matokeo ya KCSE huwa na hofu za namna mbili. Ya kwanza, hofu ya alama, hukoma siku ile ile. Ya pili huanza kijana akirudi kutoka saiba, maombi yake ya chuo yamekwisha tumwa, akaikunjua karatasi aliyochapishiwa na kuona babu yake ameandikwa Mohamed ilhali kitambulisho cha baba kinasema Muhammad. Hapo usingizi huruka. Mama huamshwa, shangazi hupigiwa simu, na kabla ya alfajiri nyumba nzima imekwisha amini kuwa nafasi imepotea.

Haikupotea. Lakini si kila kosa ni dogo, na yafaa mzazi ajue tofauti kabla hajaanza kufariji au kukaripia.

Katika maombi yanayopitia KUCCPS, mwanafunzi haandiki jina lake wala alama zake. Huingia kwa namba yake ya mtihani na mwaka alioufanya, na jina hujitokeza kama lilivyo katika kumbukumbu za Baraza la Mitihani, KNEC. Kwa hiyo likiwa na walakini, kosa si la jioni ile ya saiba. Lilitendeka wakati wa kusajiliwa kwa mtihani, au mbali zaidi, siku ya kuandikisha kizazi, karani alipoandika kama alivyosikia.

Na sisi watu wa Pwani tuna mtihani wetu humu. Jina ambalo kwa hati za Kiarabu huandikwa kwa herufi nne tu, likivikwa herufi za Kirumi huwa Muhammad, Mohamed, Mohammed na Muhamadi. Uthman wa cheti cha kuzaliwa huwa Athman shuleni na Othman katika pasipoti. Khadija huiacha "K" yake njiani. "Bin" imo katika karatasi hii, haimo katika ile. Hakuna aliyedanganya, waandishi tu wamekuwa wengi. Tofauti hii haiingii katika hesabu ya kumpangia mtu chuo, kwani hesabu hiyo hutazama alama, masomo na machaguo. Husumbua baadaye: kwenye usajili chuoni, benki, au katika maombi ya mkopo wa HELB. Dawa yake ni kuomba masahihisho KNEC kupitia shule alikofanyia mtihani, au kula kiapo cha maandishi mbele ya wakili kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Huchukua muda, basi yaanze sasa, si wiki ya kuripoti.

Linalostahili kumkosesha mtu usingizi ni namba ya kozi. Kozi moja ikifundishwa katika vyuo vitano ina namba tano mbalimbali, na tarakimu moja ikiteleza, mtambo hautauliza kama ndivyo ulivyokusudia. Isomwe namba kwa namba, pamoja na jina la chuo lililo kando yake. Muda wa maombi ukiwa haujafungwa, mwanafunzi ana ruhusa ya kuingia tena na kubadilisha.

La pili ni mawasiliano, na hapa ndipo wengi hawatazami. Kijana asiye na barua pepe hufunguliwa moja na mhudumu wa saiba, neno la siri likabaki kichwani mwa mhudumu. Au huandikwa simu ya mjomba ambaye laini yake imekwisha fungwa. Ujumbe hutumwa, asiupate mtu.

Ama kosa la tahajia katika barua ya kuombea ufadhili, koma iliyokosekana au neno lililorudiwa, hilo ni la kuachwa lilivyo. Kutuma barua ya pili ya kuomba radhi kwa ajili ya koma ni kumwonyesha msomaji doa ambalo huenda hakuliona.

Na aliyegundua baada ya muda kufungwa kwamba amepangiwa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, naye alikusudia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa? Baada ya nafasi kutangazwa, KUCCPS hufungua kipindi cha kuomba uhamisho. Sharti alama zake zifikie kiwango cha kozi anayoitaka, na nafasi iwepo huko anakokwenda.